Monita zinaunguruma nikichomeka chaja ya laptopu, ninunue nini?

Swali, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo fundi. Nina kastudio kangu chumbani huku Mbagala, laptopu, intafesi ndogo (kidude cha kuingiza na kutoa sauti kwenye laptopu) inayokula umeme wa USB, monita mbili (spika za studio) zenye amplifaya ndani, kinanda na maiki ya kondensa. Nikichomeka tu chaja ya laptopu monita zinaunguruma mmmmm, na juu yake kuna kasauti ka ziiii kanakobadilika nikisogeza mausi. Nikichomoa chaja panatulia kabisa ila betri yangu imechoka haimalizi hata saa. Niliambiwa ninunue stabilaiza, nimenunua, hola. Sasa jamaa ananiambia nikate pini ya juu kwenye plagi za monita eti mastudio yote ndo wanafanya hivo. Nifanyeje na ninunue nini?"

Marahaba mdogo wangu. Kabla ya yote weka hilo koleo chini, hiyo pini haikatwi, sababu nitakupa huko mbele kwa kirefu maana ushauri huo nakutana nao kila kona ya mji huu na unatolewa na watu wanaojiamini kwelikweli. Na la kununua, jibu fupi ni kebo mbili nzuri za monita na labda ekstensheni moja ya maana, basi, na hata hizo usikimbilie Kariakoo leo, pima kwanza vitu nitakavyokwambia kwa sababu inawezekana nusu ya tatizo lako iko ukutani na sio mezani.

We mwenyewe umeshajipima nusu bila kujua. Umesema ukichomoa chaja panatulia, sasa hapo tayari najua intafesi ni nzima, monita ni nzima, laptopu ni nzima. Hamna kifaa kibovu. Watu wakisikia mmmm wanaanza kubadilisha vifaa, anauza intafesi ananunua nyingine kubwa zaidi na muungurumo unahamia naye, kwa sababu kelele ya aina hii haikai ndani ya kifaa, inakaa kwenye njia inayounganisha kifaa na kifaa. Hii ndo wenyewe wanaita graundi lupu, yani duara la athi.

Ifuate kwa kidole uione. Anza kwenye soketi, waya wa athi, ule wa usalama wa kijani na njano unaoshuka ardhini, unaingia kwenye chaja ya laptopu (nadhani chaja yako ni ya pini tatu), unatokea kwenye bodi ya laptopu, unapita kwenye shildi ya waya wa USB (shildi ni ule wavu wa chuma unaozunguka waya za ndani) mpaka kwenye intafesi, unaendelea na shildi ya waya wa monita mpaka kwenye bodi ya monita, halafu unashuka na pini ya athi ya monita, ndo hiyo pini ya juu, unarudi ukutani. Umeona? Ni duara kamili la shaba. Na duara la shaba likiwa ndani ya nyumba yenye umeme halikai bure, ncha zake mbili za athi hazina volti sawasawa hata kama tofauti ni kidogo sana, na hapohapo duara lenyewe linadaka sumaku ya waya zote zilizopita ukutani na kila transfoma iliyoko karibu. Kwaiyo kuna kaumeme kadogo kanazunguka muda wote. Ukichomoa chaja umelikata duara, kimya. Ukiichomeka umelifunga tena.

Mtu atauliza kaumeme kadogo hivo kanasikikaje. Piga hesabu. Chukua miliampea 10 zinapita kwenye shildi yenye ukinzani wa omu 0.1, hapo unapata milivolti 1. Vifaa vya sauti vya nyumbani sauti yake ya kawaida ni kama volti 0.316, kwaiyo huo uchafu uko desibeli 50 tu chini ya muziki wenyewe. Kwenye baa hutausikia. Kwenye chumba kimya saa sita usiku umekaa mita moja toka kwenye monita unausikia vizuri sana na unakukera.

Na kwanini uchafu wa kwenye shildi uingie kwenye muziki? Kwa sababu ya aina ya waya. Waya wa kawaida wa jeki au ule wa RCA (wa vichwa vyekundu na vyeupe) una njia mbili tu, waya wa kati unapeleka sauti na shildi ndo inairudisha, kwaiyo shildi inabeba sauti yako na wakati huohuo inabeba ule umeme mchafu wa athi, ni kama njia ya mwendokasi bodaboda zikishaingia, huwezi tena kusema hii ni ya mabasi tu. Monita haijui kutofautisha, inakuza vyote.

Kale ka ziiii ka mausi nako ni hadithi hiyohiyo ila mzigo ni mwingine. Ndani ya laptopu na chaja yake kuna vitu vinawaka na kuzima mara maelfu kwa sekunde, chaja yenyewe, prosesa, kadi ya picha, na kila ukisogeza mausi au kuskroli kazi inabadilika na umeme wake unabadilika. Uchafu huo unatafuta pa kutokea, na we umeufungulia mlango kupitia USB. Kwaiyo una kelele mbili zinazopita barabara moja, ukiifunga barabara zote zinakufa. Habari njema hiyo.

Sasa vipimo. Cha kwanza vaa hedifoni, chomeka kwenye intafesi yenyewe, chaja ikiwa imechomekwa na kelele ikiwa inasikika kwenye monita. Hedifoni zikiwa safi maana ake lupu yako iko kati ya intafesi na monita, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hapo rekodi zako hazina tatizo lolote, kelele inazaliwa baada ya sauti kutoka kwenye intafesi, kwaiyo vokali ulizorekodi ni safi, ni wewe tu unayezisikiliza kupitia uchafu. Kelele ikiwepo mpaka kwenye hedifoni basi angalia mstari wa sauti kwenye programu yako huku hamna mtu anaongea, ukicheza pale hapo imeingia kwenye rekodi na tutatafuta upande wa maiki na kinanda.

Cha pili, fungua EQ yenye grafu (kile cha kupandisha na kushusha masafa ya sauti) uweke kwenye chaneli iliyorekodi hiyo kelele, hata ukiirekodi kwa simu mbele ya monita inatosha kuona, ingawa maiki ya simu huwa haisikii vizuri chini kabisa. Umeme wetu ni volti 230 na hezi 50, kwaiyo tafuta vilima kwenye 50, 100, 150, 200. Nasisitiza hili kwa sababu video nyingi mnazoangalia ni za Wamarekani na kwao umeme ni hezi 60, utamkuta mtu wa Temeke anakata 60 na 120 halafu analalamika EQ haifanyi kazi. Kwa sikio, 50 iko karibu kabisa na noti ya G ya chini kabisa ya besi, imepanda kidogo tu. Kilima cha 50 kikiwa kikubwa kuliko vingine, mara nyingi ni sumaku, yani waya au kifaa kimekaa karibu na transfoma, na hiyo stabilaiza yako nayo ni transfoma kubwa kwaiyo kama iko chini ya meza isogeze mbali hata kabla hujaendelea. Vikiwa vingi vimepanda mpaka juu na sauti inawashawasha zzzz, hapo ni umeme wa athi na chaja. Kama unachosikia ni shshsh tu bila noti yoyote hiyo sio lupu, umefungua geini (ukuzaji wa sauti ya maiki) sana. Na ile di-di-di-dit ya simu unaijua, weka simu mbali.

Cha tatu, shika kwa mkono chuma cha jeki au ganda la intafesi huku unasikiliza. Hiki ndo kipimo ninachokipenda kuliko vyote kwa nyumba za Dar. Kelele isipobadilika ukishika, sawa, tunaendelea na lupu. Ila ikipungua au ikikata kabisa ukishika, au laptopu inakutekenya mkono ukiwa peku, basi tatizo lako limegeuka kichwa chini miguu juu, sio kwamba athi zimekuwa mbili, ni kwamba athi haipo kabisa, mwili wako ndo umekuwa athi. Kinachokutekenya ni umeme mdogo unaovuja kupitia kapasita za ndani ya chaja, zipo pale kwa makusudi kuzuia kelele za redio na zinategemea waya wa athi uuchukue huo umeme uupeleke chini. Waya usipokuwepo ukipima bodi ya laptopu kwa mita utakuta volti kama mia hivi. Hauna nguvu ya kuua, ila ni dalili, na dalili haipuuzwi.

Tuchukulie kipimo cha tatu kimepita na hedifoni ni safi. Geuza monita uangalie kebo. Ukikuta jeki kubwa yenye pete moja nyeusi, hiyo ni TS, waya wa gitaa. Pete mbili nyeusi ni TRS. Nina shaka kubwa utakuta TS, au RCA, au ule waya wa Y unaotoka tundu la hedifoni unagawanyika mara mbili, kwa sababu ndo vinauzwa kila duka na ndo vya bei rahisi. Intafesi nyingi, hata hizi ndogo za kuanzia, matundu yake ya nyuma yana balansi (nakueleza sasa hivi), na monita nyingi zina tundu la XLR (lile la duara la pini tatu) au TRS nalo la balansi, kwaiyo una mfumo mzuri umeufunga kwa waya mbovu. Nunua kebo mbili za TRS kwenda XLR, au TRS kwenda TRS, kulingana na matundu yako.

Kebo ya balansi inafanya nini? Ina waya mbili za sauti ndani, moja inapeleka sauti kawaida na nyingine inaipeleka imegeuzwa, na shildi inabaki nje haibebi sauti kabisa. Monita inachukua tofauti ya hizo mbili. Uchafu uliodandia njiani umeingia sawasawa kwenye waya zote mbili, kwaiyo kwenye kutoa unajifuta wenyewe. Lupu bado ipo, athi zako zote zipo, usalama upo, ila lupu haina tena pa kuingilia kwenye muziki. Ndo maana nasema huhitaji kuikata lupu, unahitaji kuitoa kwenye barabara ya sauti. Kwa hali uliyonieleza naamini hapa peke yake kelele yako inaisha au inashuka mpaka uisahau. Dukani uliza kabisa "TRS ya mono balansi" na ufungue kichwa uone waya mbili na shildi, kuna kebo zinauzwa zina pete mbili kichwani ila ndani waya ni mmoja. Aliyekuuzia akikataa usifungue, nenda duka la pili.

La pili ni jinsi ya kuchomeka. Kila kitu cha studio kitoke soketi moja ya ukutani, kupitia ekstensheni moja. Sio monita soketi hii, laptopu ile ya mlangoni, kinanda ekstensheni inayotoka sebuleni. Ukisambaza hivo duara linakuwa kubwa na athi zinatofautiana zaidi. Watu wanaogopa eti itazidiwa, haizidiwi, monita mbili ndogo na laptopu na intafesi na kinanda havifiki wati 400, kwa volti 230 hiyo haifiki hata ampea 2, na plagi yetu ina fyuzi mpaka ya 13. Ila pasi, feni yenye regyuleta na friji visiwe humo. Kiyoyozi usikiwazie kabisa.

Ekstensheni yenyewe sasa. Ziko nyingi mtaani zina matundu matatu na plagi ya pini tatu, lakini ukiukata waya ndani unakuta nyaya mbili. Yani pini ya athi ni pambo! Kabla hujalipa muombe muuzaji mita, aweke kwenye mlio, ncha moja kwenye pini ya juu ya plagi na nyingine kwenye tundu la juu. Isipolia, rudisha. Hapo hapo waya wake upime kwa macho, ukiwa mwembamba kama wa chaja ya simu achana nao.

Sasa twende ukutani, na hapa usifanye mwenyewe kama hujawahi kushika umeme, mwite fundi umeme mwenye mita yake. Apime kwenye soketi mara tatu. Laivu (waya wenye moto) na nyutro (unaorudisha umeme), apate 230 au karibu na hapo. Laivu na athi, apate karibu hiyohiyo. Nyutro na athi, apate volti chache tu. Akipata laivu na athi inaelea, mara 60 mara 110, athi haijaunganishwa popote. Nyumba nyingi za kupanga ziko hivi, soketi ni za kisasa kabisa lakini waya wa athi haukuvutwa, au ulivutwa ukaishia kwenye meni swichi, au chuma cha athi kilipigwa kwenye mchanga mkavu nusu mita halafu fundi akaondoka zake. Mchanga mkavu haupitishi umeme vizuri, kwaiyo kiangazi kikikolea hata chuma kilichokuwa kinafanya kazi kinachoka. Dawa ni chuma kirefu cha shaba kishuke mpaka kwenye unyevu, na klampu iliyokazwa isiyo na kutu. Ongea na mwenye nyumba, mwambie ni usalama wa nyumba yake, maneno ya monita usimwambie hatakuelewa.

Kuna ujanja mmoja wa mafundi ukatae hata kama ni bure. Soketi haina athi, anachukua kipande cha waya anaunga tundu la athi na la nyutro humohumo ndani ya soketi, mita inasoma vizuri na wewe unafurahi. Siku nyutro ikikatika mahali popote kabla ya soketi hiyo, vyuma vyote vilivyochomekwa hapo vinakuwa na laivu. Na hata kabla ya siku hiyo, sehemu ya umeme unaorudi kwenye nyutro sasa inaweza kupita pia kwenye shildi zako, kwaiyo umenunua kelele juu ya hatari.

Hapa ndo turudi kwa jamaa yako wa koleo. Ni kweli ukikata pini ya athi ya monita muungurumo unaweza ukaisha, kwa sababu umelikata duara. Ndo maana ushauri huu haufi, unafanya kazi. Lakini fikiria siku waya wa laivu ndani ya monita umelegea ukagusa bodi. Pini ikiwepo, umeme unashuka kwenye athi, fyuzi inakatika au breka inaruka, unakasirika unaita fundi. Pini isipokuwepo umeme unatafuta njia nyingine, na njia iliyobaki ni shildi ya waya, unaingia intafesi, unapita shildi ya maiki, mpaka kwenye ganda la chuma la maiki ambayo msanii wako ameiweka mdomoni huku ameshika laptopu kwa mkono wa pili. Sikutishi. Mwaka 1972 mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alifia jukwaani Swansea, Wales, kwa kushika maiki ambayo athi yake haikuwa sawa, mbele ya watu. Swichi ya usalama ile wanayoiita RCD, ya miliampea 30, inayokata umeme ukianza kuvuja, kama nyumba haina mshawishi mwenye nyumba aiweke hapohapo fundi akija kwa ajili ya athi. Na kitu kingine, kwenye plagi zetu hizi ile pini ya juu ni ndefu kwa makusudi, inatangulia kuingia ili athi iunganike kwanza na ndo inayofungua vizuizi vya matundu mawili ya chini, kwaiyo ukiikata utaanza kuchokonoa soketi kwa kalamu ya biki, na najua wengi wenu mnafanya hivo kwa chaja za pini mbili. Acheni.

Stabilaiza haikuwa na kosa, ilipewa kazi isiyo yake. Inapandisha na kushusha volti zikiyumba, na waya wa athi unapita moja kwa moja ndani yake bila kuguswa, sasa lupu itakatikaje. Baki nayo, italinda vifaa vyako. Vilevile wale wanaouza vile vipete vyeusi vya feraiti vya kubana kwenye waya, vinasaidia kelele za redio za juu huko, kwa hezi 50 havifanyi chochote. 

Kinanda. Hujasema umekiungaje, ila kama wengi umekiunga mara mbili, USB kwenda laptopu kwa ajili ya MIDI (ujumbe wa noti unazobonyeza) na waya wa jeki kwenda intafesi kwa ajili ya sauti. Hapo umetengeneza duara la pili, dogo, na huwa lina kelele kali sana za laptopu kwa sababu USB iko ndani yake. Jaribu kuchomoa USB ya kinanda usikilize. Kelele ikikata na kinanda chako kina lile tundu la MIDI la duara la pini tano, na intafesi inalo, tumia hilo badala ya USB. Waliotengeneza MIDI miaka ya 1980 waliweka ndani yake kifaa kinachopitisha ujumbe kwa mwanga badala ya waya, athi za pande mbili hazigusani, na moja ya sababu ilikuwa tatizo hilihili lako. Kama huna tundu hilo, weka DI boksi ya transfoma (kiboksi kinachogeuza sauti ya jeki kuwa ya balansi) kati ya kinanda na intafesi, ile isiyotumia umeme, na ubonyeze kaswichi kake ka kuinua graundi. Kuinua graundi kwenye DI ni salama, kunakata shildi ya sauti tu, pini ya athi ya plagi haiguswi, usichanganye haya mambo mawili. Anayejua kulehemu anaweza pia kutengeneza kebo yake, waya wa nyuzi mbili na shildi, ncha ya jeki ya kinanda iende ncha ya jeki ya TRS, mwili wa jeki uende pete ya TRS, na shildi iungwe mwili wa TRS upande wa intafesi tu, upande wa kinanda iachwe inaning'inia imefunikwa isiguse kitu. Inasaidia sana kwa bei ya waya, ila kwa kinanda uihakikishe inaingia tundu la laini (line) na sio la maiki, na fantomu ya volti 48, ule umeme wa maiki ya kondensa, uizime.

Umeunganisha laptopu na TV au skrini kubwa kwa HDMI? Ichomoe ujaribu. Skrini ina athi yake, na kama imeungwa na king'amuzi basi waya wa dishi unashuka toka juu ya bati nao unaleta athi yake ya huko nje. Nimeona studio zinahangaika na intafesi wakati mchawi yuko sebuleni.

Ikitokea umefanya kebo za balansi, soketi moja, athi ya ukuta imepona, na bado kuna kaziiii kadogo, hapo ndo ufikirie kununua. Kuna vidude vya kutenganisha USB, vinakata athi kati ya laptopu na intafesi, dawa nzuri lakini kuna mtego. Vingi vya bei rahisi vinapitisha megabiti 12 tu kwa sekunde, na intafesi nyingi za sasa zinataka ule mwendo wa USB 2.0 wa megabiti 480, ukichomeka haionekani kabisa au sauti inakatakata. Soma maandishi kama kinasema mwendo wa juu, high speed, na kama kinaweza kutoa miliampea 500, maana intafesi yako inakula kwenye USB na maiki ya kondensa nayo inakula kwenye intafesi. Vile vitransfoma vidogo vya RCA vinavyouzwa kwenye maduka ya redio za magari vinakata lupu kweli, mi navitumia kupimia tu. Kiini chake ni kidogo, besi ikiwa kubwa kinashiba, chini kunapotea na kunakwaruza, na wewe ukiwa unapika singeli au bongofleva utaanza kuongeza besi kwenye miksi kufidia besi ambayo ipo ila huisikii, wimbo ukifika kwenye daladala unapasua spika.

Unapofanya vipimo vyote hivi shusha volyumu ya monita kabla ya kuchomoa au kuchomeka waya wowote, ule mlio wa PAH unaua twita, ile spika ndogo ya sauti za juu. Na badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, ukibadilisha vitatu kwa pamoja kelele ikiisha hutajua kilichoiua na kesho ikirudi unaanza upya.

Kuhusu nyimbo ulizokwisha rekodi, anza na ile ya hedifoni niliyosema, nina imani utakuta vokali ni safi. Zikiwa na muungurumo, kwa vokali kata kila kitu chini ya hezi 80, 50 inaondoka yenyewe, halafu weka EQ nyembamba sana kwenye 100, 150 na 200 ushushe taratibu huku unasikiliza, ukizidisha sauti inakuwa ya bati. Kwenye besi na kiki usijaribu hiyo njia, 50 na 100 ndo nyama yenyewe, rekodi upya au piga kwa MIDI. Fundi akishapima nitumie zile namba tatu za soketi, picha ya nyuma ya intafesi na monita kebo zikiwa zimechomekwa, na uniambie kelele ilifanya nini uliposhika jeki.